Ghala Limejaa, Mtoto Amedumaa

Mwezi Mei 1972 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana mjini Iringa na kutoa tamko lililokuja kujulikana nchini kote kwa jina la Siasa ni Kilimo. Wakulima wa Nyanda za Juu Kusini waliliitikia tamko hilo kwa jembe. Tangu miaka hiyo Iringa na Mbeya, pamoja na Rukwa na Ruvuma, zimehesabiwa kuwa ghala la Taifa. Mahindi ya Makambako na Mbozi, mpunga wa Mbarali na Kyela, viazi vya Njombe na ndizi za Rungwe hulisha miji ambayo wakazi wake wengi hawajapata kufika huko. Kwa kazi hiyo wakulima wa mikoa hiyo wanastahili heshima ya Taifa zima.

Ipo, hata hivyo, hesabu nyingine ambayo haisomwi kwenye mizani ya kununulia mahindi. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya kila watoto 100 wa Mkoa wa Iringa walio chini ya umri wa miaka mitano, 57 walikuwa wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko inavyopasa kwa umri wao. Katika Mkoa wa Njombe, ambao hadi mwaka 2012 ulikuwa sehemu ya Iringa, idadi hiyo ilikuwa 50. Wastani wa Taifa ulikuwa 30. Mkoa unaowalisha wengine ndio uliokuwa na watoto wengi zaidi waliodumaa kwa kila mia nchini. Jambo hili halina budi kumnyima usingizi kila mtumishi wa umma anayefanya kazi katika mikoa hiyo.

Wapo wanaojiliwaza kwa kusema kwamba watu wa nyanda hizo ni wafupi kwa asili. Hoja hiyo imekwisha kujibiwa. Kabla ya kutoa vipimo vipya vya ukuaji wa watoto mwaka 2006, Shirika la Afya Duniani liliwapima watoto waliolishwa na kutunzwa vizuri katika Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Watoto hao, wa rangi na makabila mbalimbali, walikua kwa kimo kinachokaribiana sana. Kwa hiyo katika miaka mitano ya kwanza kinachowatenganisha watoto wa jamii moja na nyingine ni chakula, maradhi na matunzo kuliko asili. Pale ambapo zaidi ya nusu ya watoto wamedumaa, ufupi huonekana kuwa jambo la kawaida, na mzazi hana wa kumlinganisha naye mwanawe. Hapo ndipo ubaya wa udumavu ulipo: unajificha katika wingi wake.

Mtoto aliyedumaa hucheza na hucheka kama wenzake. Hasara yake huonekana baadaye, na wa kwanza kuiona ni mwalimu. Ubongo hujengwa kwa kasi kubwa zaidi tangu mimba inapotungwa hadi mtoto atimize miaka miwili, muda wa siku 1,000 hivi. Kilichokosekana katika siku hizo ni vigumu sana kukirudisha. Mwaka 2008 jarida la tiba la Lancet lilichapisha kazi ya Cesar Victora wa Brazil na wenzake, waliochambua habari za watu waliofuatiliwa tangu utotoni katika Brazil, Guatemala, India, Ufilipino na Afrika Kusini. Waliokuwa wafupi walipofikia miaka miwili walisoma madarasa machache zaidi na walipata kipato kidogo zaidi walipokuwa watu wazima. Mwalimu anayemwadhibu mtoto kwa uzito wa kuelewa yafaa ajiulize kwanza mtoto huyo alilishwa nini kabla hajajua kusema.

Utafiti haukuishia kwenye darasa. Katika miaka ya 1980 mtaalamu wa Uingereza, David Barker, aligundua kwamba watu waliozaliwa na uzito mdogo walikufa kwa maradhi ya moyo zaidi ya wenzao. Tangu wakati huo ushahidi umeongezeka kwamba mwili uliozoea uhaba tangu tumboni huwa mwepesi kushikwa na kisukari na shinikizo la damu unapokutana na shibe ya ukubwani, hasa kama uzito uliongezeka haraka baada ya miaka ya mwanzo. Kwa hiyo udumavu na unene uliokithiri, ambavyo watu huvidhania kuwa maradhi ya maskini na ya tajiri, vinaweza kuwa sura mbili za safari ya mtu mmoja.

Safari hiyo imekwisha kuanza nchini. Mwaka 1989 Donald McLarty na wenzake wa Dar es Salaam walitoa matokeo ya uchunguzi wa watu wazima zaidi ya 6,000 katika vijiji sita vya Tanzania. Wenye kisukari hawakufika mmoja katika kila mia. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, uliohusu watu wa umri wa miaka 25 hadi 64 mijini na vijijini, ulikuta 9 katika kila mia wana kisukari, na mmoja katika kila wanne ana shinikizo la damu. Chunguzi hizo mbili hazikupima watu wa aina moja, hivyo haifai kuzilinganisha tarakimu kwa tarakimu. Lakini mwelekeo wake hauna ubishi. Nayo Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Saratani ilitangaza mwaka 2016 kwamba unene uliokithiri unahusika na aina 13 za saratani, zikiwamo za utumbo mpana, ini, kongosho, mji wa mimba, na matiti kwa wanawake waliokoma hedhi. Mtumishi anayeshinda kwenye kiti, akaenda nyumbani kwa gari na kumalizia siku kwa chipsi na soda, asidhani kwamba habari hizi ni za wengine.

Swali ambalo kila mtu huuliza ni hili: inakuwaje mtoto akose lishe karibu na ghala? Jibu ni kwamba ghala la mahindi si chungu cha mtoto. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo. Uji mwepesi wa sembe mara mbili kwa siku humjaza bila kumjenga. Anahitaji kulishwa mara nyingi, na katika chakula chake kuwe na maharage, karanga, mboga, matunda, na yai au maziwa. Vitu hivi vyote hupatikana Nyanda za Juu Kusini. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole, Mbeya, kimetoa mbegu bora za maharage, Njano Uyole ikiwa miongoni mwao. Lakini maharage, mayai na maziwa hupakiwa kwenda sokoni, na mama ambaye angemlisha mtoto yuko shambani tangu alfajiri, mtoto akiwa mgongoni au ameachiwa dada yake ambaye naye ni mtoto. Mkoa unaojivunia mavuno usisahau kuhesabu ni saa ngapi za mama zilizotumika kuyapata.

Kuna adui mwingine aliye ndani ya mahindi yenyewe. Mahindi yasiyokauka vizuri, au yaliyoshambuliwa na wadudu, huota ukungu, na ukungu huo hutoa sumu inayoitwa sumukuvu. Aina yake moja, aflatoksini, imethibitishwa kuwa husababisha saratani ya ini, na ikizidi huua kwa siku chache. Nchini Kenya mwaka 2004 iliua watu 125, na mwaka 2016 ilileta vifo katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Aina nyingine, fumonisini, iligunduliwa Afrika Kusini mwaka 1988, na watafiti wanaishuku kuwa na uhusiano na saratani ya umio. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliowafuatilia watoto 166 wa Iringa, Tabora na Kilimanjaro, ulikuta sumu hizi katika miili ya wengi wao, na watoto waliokuwa na fumonisini nyingi zaidi walikuwa wafupi zaidi.

Dawa ya jambo hili haihitaji fedha za kigeni. Mahindi yaanikwe juu ya mkeka au turubai, si juu ya udongo. Yachambuliwe kwa mkono, na punje zilizovunjika au zenye ukungu zitengwe kabla ya kwenda mashineni. Dona ina virutubisho kuliko sembe, lakini dona ya mahindi mabovu ina sumu kuliko sembe, kwa kuwa sumu nyingi hukaa kwenye ganda. Na mahindi yaliyotengwa yasipelekwe kwenye pombe, kwa maana sumu hiyo haiishi kwa kupikwa.

Iringa haihitaji kusafiri mbali kutafuta mfano wa kufuata. Mwishoni mwa mwaka 1983 Serikali, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani, UNICEF na fedha za Italia, ilianzisha mkoani humo mpango wa lishe uliofika katika vijiji 168. Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoundwa mwaka 1973, ilitoa utaalamu wake. Kila baada ya miezi mitatu watoto walipimwa uzito hapo hapo kijijini, na matokeo yakajadiliwa na wanakijiji na viongozi wao. Mtoto aliyepungua alijulikana kwa jina, sababu ikatafutwa, hatua ikachukuliwa, kisha akapimwa tena. Vituo vya kulishia watoto vilifunguliwa ili mama aendapo shamba mtoto asilale njaa. Kati ya mwaka 1984 na 1988 watoto wenye uzito pungufu katika vijiji hivyo walishuka kutoka zaidi ya nusu hadi chini ya 4 katika kila 10, na wenye utapiamlo mkali kutoka 6 hivi katika kila mia hadi 2. UNICEF ilitumia mafunzo ya Iringa katika kuandaa mwongozo wake wa lishe wa mwaka 1990 kwa dunia nzima.

Siri ya mafanikio hayo ni kwamba takwimu ilikuwa mali ya kijiji. Leo Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji ipo kila robo ya mwaka. Ipo mikataba ya lishe ambayo wakuu wa mikoa waliitia saini tangu mwaka 2017, na halmashauri zikatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Mbeya ina hospitali ya rufaa ya kanda na kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Kinachotakiwa ni kuhakikisha kwamba kipimo hakigeuki kuwa karatasi ya kupandishwa wilayani, kisha mkoani, kisha Dodoma, bila kurudi kwa mama aliyembeba mtoto hadi kwenye mzani.

Ofisa mtendaji wa kijiji anapaswa kuwajua watoto waliodumaa katika eneo lake kama anavyowajua wadaiwa wa michango. Bwana shamba azungumzie chungu cha nyumbani pamoja na mbolea. Mkurugenzi aulizwe kama ile shilingi 1,000 imetoka, na imefanya nini. Mwalimu, ambaye husikilizwa kijijini kuliko watu wengi, anaweza kuwafundisha wasichana na wavulana wa darasa la saba kuchambua mahindi na kupika uji wa mtoto kabla hawajawa wazazi. Baba naye akumbushwe kwamba kumpunguzia mzigo mkewe mwenye mimba ni kumjenga mwanawe.

Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji. Mtoto anayezaliwa leo Kilolo, Mufindi au Rungwe atatimiza miaka miwili kabla taarifa nyingi zilizoko mezani hazijajibiwa. Wazee wa mikoa hiyo waliambiwa walime, wakalima. Sasa inafaa kila mkutano wa kijiji unaohesabu magunia uhesabu pia watoto, na usifungwe kabla hesabu ya pili haijasomwa.