Mkungu wa Mwaka 1986

Piteni leo katika vijiji vyetu, kuanzia hapa Igogwe hata Tukuyu mjini, mtawaona watoto wamevaa fulana za Simba na Yanga. Waulizeni majina ya wachezaji, watayataja yote. Kisha waulizeni: Ni timu gani ya nyumbani kwetu iliyopata kuwa bingwa wa Tanzania Bara? Wengi watanyamaza. Tena si kosa lao, maana mtoto hajui asiloambiwa.

Timu hiyo ni Tukuyu Stars. Wapenzi wake waliiita Banyambala, yaani wanaume, kwa Kinyakyusa. Mwaka 1986 iliingia katika Ligi Daraja la Kwanza, ndiyo Ligi Kuu ya leo, nayo ilikuwa ngeni kabisa humo. Ligi haishindwi kwa bahati ya siku moja. Pointi huhesabiwa mechi baada ya mechi, nyumbani na ugenini, na safari ya Dar es Salaam peke yake ni zaidi ya kilometa 800. Miaka ile nchi ilikuwa na dhiki, hata sukari na sabuni zilipatikana kwa taabu, na mpira ulikuwa wa ridhaa, si kazi ya kutajirisha mtu. Hata hivyo ligi ilipokwisha, bingwa hakuwa Simba wala Yanga. Alikuwa yule mgeni kutoka mji mdogo wa milimani.

Ni vilabu vichache vilivyopata kuwapokonya wakubwa wale wawili taji hilo. Mseto ya Morogoro ilifanya hivyo mwaka 1975, Coastal Union ya Tanga mwaka 1988, na Azam mwaka 2014. Jina la Tukuyu limo katika orodha hiyo fupi, wala halifutiki.

Lakini wahenga walisema, kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Tukuyu Stars haikupata ubingwa tena, ikashuka daraja, na kwa miaka mingi sasa haionekani katika Ligi Kuu. Timu ya mji mdogo ikitoa mchezaji hodari, wenye fedha humwona upesi. Sekilojo Chambua alipitia Tukuyu Stars, kisha akawa nyota wa Yanga na wa timu ya taifa. Nani atamlaumu kijana kwa kwenda panapomfaa?

Hapo ndipo yafaa tutazame migomba yetu. Mgomba huzaa mkungu mmoja tu, kisha hukatwa. Mkulima halii, kwa sababu kando ya shina amekwisha tunza machipukizi. Asipoyatunza, mkungu ule mzuri ndio wa mwisho. Wachezaji wakubwa wataondoka siku zote. Swali ni hili: nyuma yao tumeacha nini?

Baba mmoja aliniambia juzi, "Karani, mpira haulishi mtu." Kweli, wengi hautawalisha, na kwa hiyo shule na shamba vitangulie. Lakini kijana aliyezoea kufika mazoezini kwa saa, kumtii kiongozi wake na kushindwa bila kutupa mawe, huyo amejifunza jambo litakalomfaa hata katika ndoa yake.

Basi wazazi, machipukizi hayaombi mengi. Yanataka mpira mmoja, mtu mzima mwenye subira wa kuyaongoza, na uwanja. Hasa uwanja! Tusiache viwanja vya shule vimegwe kidogo kidogo, mwaka huu tuta la viazi, mwakani kibanda cha duka. Uwanja ukiisha kwenda haurudi.

Nanyi wazee mlioisikiliza ligi ile redioni, waiteni wajukuu jioni hii muwasimulie. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Kama nisingesimuliwa, nami ningenyamaza kama watoto hao.

Kwaherini mpaka juma lijalo.