Timu ya Mbeya City na Wanaoibeza

Bwana Mtengenezaji,

Naomba nafasi katika gazeti letu hili la chama nipate kuwajibu watumishi wenzetu wa Mbeya na Iringa, ambao wakikutana hawana neno ila kuibeza timu ya Mbeya City. Wamesema sana, nasi tumenyamaza sana, hata yamkini wageni wanaohamishiwa huku hudhani kwamba hatuna la kujibu.

Wako wanaosema kwamba timu ile ilibebwa na baridi yetu. Ni kweli mji wetu uko juu, kadiri ya mita 1,700, na mtu wa pwani akija mwezi wa Juni hutetemeka. Lakini katika msimu wa 2013/14, ambao ulikuwa wake wa kwanza katika Ligi Kuu, Mbeya City ilicheza michezo 26 ikafungwa mitatu tu. Mmoja katika hiyo ilifungwa na Azam hapa hapa katika uwanja wa Sokoine, mabao 2 kwa 1, mwezi wa Aprili 2014, siku Azam ilipojihakikishia ubingwa. Baridi ilikwenda wapi siku hiyo? Na miezi mitano nyuma, kule Chamazi penye joto la Dar es Salaam, timu hizo mbili zilitoka sare, mabao 3 kwa 3. Mwisho wa msimu Azam ilikuwa na alama 62, Yanga 56, Mbeya City 49, na Simba, iliyokuwa ya nne, 38. Anayesema kwamba hizo alama 11 juu ya Simba zililetwa na ukungu, na atuambie ukungu huo ulisafiri kwa basi gani. Tena ndugu zetu wa Prisons hucheza katika uwanja ule ule na baridi ile ile, nao msimu ule walimaliza karibu na chini.

Wengine hushika neno la kushuka daraja. Hapana budi kukiri kwamba mwaka 2023, baada ya misimu kumi, Mashujaa ya Kigoma iliifunga Mbeya City katika michezo ya mtoano ikachukua nafasi yake, na watu wa huku walihuzunika sana. Walakini mwaka 2025 timu ilipanda tena. Nami napenda kuwauliza wenzangu wa Iringa, maana ndio wachekaji wakubwa: mwaka 2019 Lipuli yenu iliifunga Yanga mabao 2 kwa 0 katika uwanja wa Samora, ikaingia fainali ya Kombe la Shirikisho iliyochezwa Lindi, ikafungwa na Azam bao 1 tu. Mwaka uliofuata ikashuka daraja. Je, kwa sababu hiyo ule ushindi wa Samora ulikuwa uongo? Sisi wa Mbeya hatukusema hivyo, bali tulifurahi pamoja nanyi.

Neno zito ni la fedha, na hilo sitaki kulipita mbio. Timu hii ilianzishwa mwaka 2011 chini ya Halmashauri ya Jiji, na wenzetu huuliza kama ni haki fedha ya umma itumike kwa mpira na hali shule zina upungufu wa madawati na mifereji imeziba. Swali hili si la kipuuzi, na aliyeshika daftari la hesabu za serikali hata siku moja hawezi kulicheka. Lakini tutazame fedha yenyewe yatoka wapi. Sehemu yake hutoka katika ushuru wa masoko, yaani kwa wauza viazi, ndizi na mchele wa Mwanjelwa na Soweto, na hao hao ndio waliovaa zambarau wakajaza Sokoine, hata wengine wakapanda mabasi kuifuata timu Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilometa 800. Hawa hawakuona kwamba wameibiwa. Aidha Kinondoni ina timu yake ya Halmashauri, KMC, wala sijasikia mtu wa Iringa akiikemea. Na timu za majeshi, Mashujaa mmojawapo, hazijaulizwa juu ya madawati.

Azam ina kampuni ya Bakhresa nyuma yake, na Simba na Yanga zina matajiri wao. Huku kwetu hakuna tajiri wa namna hiyo aliyejitokeza. Basi Halmashauri ikijitoa, nani ataibeba? Wazee wa Rungwe watakumbuka Tukuyu Stars iliyopanda daraja ikatwaa ubingwa wa nchi mwaka 1986, na leo watoto husimuliwa habari zake kama ngano. Mimi sipendi kuona ya pili ikiwa ngano, na vijana wa Uyole na Iyunga wakibaki kugombana kwa ajili ya timu mbili za Kariakoo ambazo huziona mara moja au mbili kwa mwaka.

Yanayostahili kudaiwa ni mahesabu, si kifo cha timu. Kwa hiyo naleta shauri kwamba katika mkutano ujao chama chetu kiiandikie Halmashauri, kuomba kila miezi mitatu ibandike ubaoni mapato ya mlangoni, mishahara ya wachezaji na gharama za safari, hata senti ya mwisho. Wanaobeza na waje waisome karatasi hiyo. Na siku ya mchezo, wasingoje nje mpaka milango ifunguliwe bure dakika za mwisho, kama wafanyavyo baadhi yao ambao sitawataja. Na walipe kiingilio.

Ni mimi,
Mtumishi, Mbeya