"Una Swali Lolote?" Ndiyo, Ninayo Matano

Leo tuweke kando programu tuongee kuhusu kazi zenyewe.

Mahojiano mengi ya kazi huisha kwa swali lile lile: "Je, una swali lolote kwetu?" Na vijana wengi wa huku Merigi hujibu mbio mbio, "Hapana, asante sana." Tumelelewa tukiamini kwamba kumhoji mkubwa ni utovu wa adabu, na kwamba mwenye shida hachagui. Mimi sikubali.

Mtazame mkulima wa majani chai hapa kwetu. Akifika kituoni haondoki kabla ya kuona kilo zake kwenye mizani na kupewa risiti. Hakuna anayemwita mjeuri. Anajua malipo ya mwezi na bonasi ya mwaka vyote vinaanzia kwenye namba hiyo. Sasa wewe unauza miaka yako, halafu unaona haya kutazama mizani?

Kwa anayetafuta kazi ya kompyuta, maswali yangu ni haya:

1. Nitapewa lini mkataba wa maandishi? Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inataka mkataba wa miezi 3 au zaidi uandikwe. Si hisani.

2. Kipindi cha majaribio ni cha muda gani? Kisheria kisizidi miezi 6, na kinaweza kuongezwa hadi miezi 6 mingine ukikubali. Ndani yake unaweza kuachishwa kazi kwa notisi ya siku 7. Jua hilo kabla hujalipia nyumba Nairobi.

3. Nitafanya nini hasa, asubuhi hadi jioni? Cheo pekee hakikuelezi kitu. Mwaka wa 2022 Daniel Motaung wa Afrika Kusini aliishtaki Meta pamoja na kampuni ya Sama jijini Nairobi. Kazi ilikuwa kukagua yanayowekwa Facebook, ukatili ukiwemo, naye alidai hakuelezwa ipasavyo kazi hiyo kabla ya kuianza.

4. Mabadiliko ya programu mnayarekodi vipi? Joel Spolsky aliandika mwaka wa 2000 maswali 12 ya kupima timu ya programu, na hili ndilo la kwanza. Wakikuambia wanatumiana faili kwa barua pepe, jiandae kukesha ukitafuta toleo sahihi.

5. Ninachoandika nyumbani, kwa muda wangu, ni cha nani? Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, ulichotengeneza katika ajira yako ni cha mwajiri, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Uliza mpaka uko wapi.

Najua utaniambia: "Kazi ni chache, nikiuliza watampa mwingine." Hofu hiyo ina msingi. Basi usiyamwage yote matano kwa pamoja. Chagua mawili yanayokugusa zaidi, ngoja zamu yako, uliza kwa upole.

Lakini mwajiri anayekasirika kwa kuulizwa habari ya mkataba, amekwisha kujibu. Hata kama njaa itakulazimisha kuichukua kazi hiyo, utaingia macho wazi, na utaanza kutafuta nyingine mapema.