Gegedu limeota, ngazi bado hazipandiki

BARAZA LA JUMAPILI, na Mwanaidi Kisauti

Nikigusia magoti tu katika safu hii, simu hainyamazi. Kuna wa bamia za kurudisha ute, kuna wa unga kwenye kopo, na siku hizi kuna anayenitumia tangazo la sindano ya seli shina, eti inaotesha gegedu upya. Bamia tuleni, ni mboga nzuri. Tuzungumzie sindano.

Gegedu ndilo lile jeupe lenye utelezi linalofunika ncha za mifupa kwenye kiungo; walaji wa supu ya kongoro wanalijua kwa meno. Halina mishipa ya damu, kwa hiyo likilika halijirudishi kama ngozi. Tabibu William Hunter aliliandika hilo mwaka 1743. Huko Gothenburg, Uswidi, tangu 1987 madaktari huchukua seli za goti la mgonjwa, wakazikuza maabara na kuzipandikiza. Lakini tiba hiyo inamfaa kijana mwenye jeraha dogo aliloumia uwanjani, si bibi ambaye goti lake limesagika lote.

Kwa goti la bibi, jaribio linalonifikirisha zaidi ni la dawa iitwayo sprifermin, lililotolewa matokeo mwaka 2019. Wagonjwa 549 walichomwa sindano gotini, wengine dawa, wengine maji ya chumvi tu, bila kujua nani kapata nini. Baada ya miaka 2, waliopata dozi kubwa walikuwa wamewazidi wenzao kwa milimita 0.05 za gegedu. Unene wa unywele, lakini limeota! Wanasayansi wana haki ya kufurahi.

Walipoulizwa kuhusu maumivu, makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu, tena karibu sawa.

Si ajabu ukikumbuka kwamba gegedu halina neva. Kinachouma ni mfupa ulio chini yake na ngozi ya ndani ya kiungo inayovimba. Ndiyo maana mwaka 2024 semaglutide, dawa ya kupunguza uzito, ilipunguza maumivu ya magoti ya watu wanene walioijaribu, bila kudai kuotesha chochote.

Na seli shina? Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2023 ulizilinganisha, za uboho, za mafuta na za kitovu, na sindano ya kawaida ya steroidi. Baada ya mwaka mmoja hakuna iliyoishinda steroidi.

Sipingi utafiti, nautaka uje mpaka kwetu. Ila anayefanyiwa majaribio halali husainishwa karatasi ya ridhaa, huambiwa huenda akaangukia kwenye maji ya chumvi, na kwa kawaida hatozwi dawa inayojaribiwa. Hawa wa matangazo wanakuambia ni teknolojia mpya kabisa, kisha wanadai malipo kabla ya sindano. Mamlaka za dawa zianze na hao.