Tusiitegemee Nafasi ya Tabora

Kila inapotajwa idadi ya watu hapa Visiwani, iwe barazani baada ya sala ya alasiri au katika vikao vya watendaji wa Serikali, halikosi kusikika jibu moja la kujiliwaza. Husemwa kwamba Visiwa ni vidogo, hilo halina ubishi, lakini nchi ni kubwa. Kwamba anayekosa kiwanja Unguja au shamba Pemba hatakosa nafasi bara. Na kwamba bara penyewe, ukiipita Dodoma kuelekea magharibi, ni misitu mitupu inayongoja watu. Jibu hili lina umri mrefu, na kuna wakati lilikuwa na ukweli ndani yake. Leo ukweli huo umekwisha. Tungependa kuonyesha sababu kwa kuutazama mkoa mmoja ambao wananchi wa Visiwani wanahusiana nao zaidi ya wanavyodhani, nao ni Tabora.

Tuanze na hesabu. Sensa ya mwaka 2022, ambayo matokeo yake ya mwanzo yalitangazwa na Rais Samia Suluhu Hassan mjini Dodoma tarehe 31 Oktoba mwaka huo, ilionyesha kuwa Jamhuri ya Muungano ina watu 61,741,120. Miaka kumi kabla ya hapo, mwaka 2012, walikuwa 44,928,923. Katika kipindi hicho Zanzibar ilitoka watu 1,303,569 ikafika 1,889,773, na mkoa wa Tabora ulitoka watu 2,291,623 ukafika 3,391,679.

Tunamwomba msomaji azitazame tarakimu hizo mara ya pili. Taifa zima limeongezeka kwa watu 37 katika kila 100 waliokuwapo. Zanzibar imeongezeka kwa 45. Tabora, ile Tabora tunayoambiwa kuwa ni pori lisilo na wenyewe, imeongezeka kwa 48. Mwaka 1988 mkoa huo wote ulikuwa na watu wapatao milioni moja tu na kidogo. Basi katika miaka kumi iliyoishia 2022 umeongeza watu zaidi ya wote waliokuwa wakiishi humo mwaka 1988. Ni kweli kwamba kilomita moja ya mraba ya Tabora ina watu kiasi cha 45, na ya Zanzibar ina watu 768. Lakini mwendo wa ongezeko ni mmoja, na kwa mwendo huo Tabora itakuwa na watu mara mbili ya wale wa mwaka 2022 baada ya miaka 18 hivi, nasi baada ya miaka 19. Mwenyeji tunayetaka kumpelekea wageni anajenga vyumba vya wanawe mwenyewe.

Hapana shaka wapo watakaouliza gazeti la Visiwani lina haja gani na Tabora. Haja hiyo ni ya zamani. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikapumzika Unyanyembe na kuishia Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, ilikuwa ikilipwa, ikikopeshwa na kusubiriwa Unguja. Kaze na Kwihara, mitaa ya zamani ya Tabora, ilijaa wafanyabiashara waliokuwa na nyumba na madeni katika mji wetu. Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye wengi wanamjua kwa jina la Tippu Tip, alizaliwa Unguja, na baba yake aliishi miaka mingi Tabora akaoa katika nyumba ya mtemi wa huko; na maisha yake ameyasimulia kwa Kiswahili, lugha yetu. Tusiipambe njia hiyo. Iliyopita humo ni pembe za ndovu mabegani mwa wapagazi wa Kinyamwezi, na pia watu waliofungwa minyororo, ambao wengi wao walimalizia maisha yao katika mashamba ya mikarafuu ambayo hata leo tunajivunia harufu yake. Visiwa vilikwisha kula jasho la Tabora mara moja.

Na hapa ndipo penye jambo ambalo wasemaji wa "misitu mitupu" hawalijui. Misitu ile haikuwa mitupu tangu kuumbwa kwake. Sehemu kubwa yake ilifanywa kuwa mitupu. Katika karne ya 19 wanaume wengi wa Unyamwezi walikuwa njiani nusu ya mwaka kwa kazi ya upagazi, wakiacha jembe kwa wake zao. Zikaja vita za watemi na wafanyabiashara. Mirambo wa Urambo, aliyeitikisa njia yote, alifariki mwaka 1884, na Isike wa Unyanyembe aliangushwa na Wajerumani mwaka 1893. Katika miaka hiyo hiyo ya 1890 sotoka iliua ng'ombe karibu kote Afrika Mashariki. Vita Kuu ya Kwanza ilipita katikati ya mji, na majeshi ya Wabelgiji yakaingia Tabora Septemba 1916. Askari walihitaji wapagazi na chakula, na vyote viwili vilitoka kwa wananchi. Mara baada ya hapo ikafuata homa kubwa ya mafua ya mwaka 1918.

Pale watu na mifugo walipopungua, vichaka vilirudi, na pamoja na vichaka akarudi mbung'o. Malale yakaenea. Katika miaka ya 1920 na 1930 Serikali ya Kiingereza iliwaondoa wakazi wengi katika misitu hiyo na kuwakusanya mahali pachache ili kuwaepusha na ugonjwa. Kwa hiyo mgeni aliyepita kwa gari la moshi baadaye na kuona miombo isiyo na moshi wa jiko hata mmoja alikuwa akitazama mahame bila ya kujua. Kuyaita mahame "ardhi tupu" ni kama kuingia katika nyumba iliyofiwa na kuisifu kwa nafasi.

Mahame hayo sasa yamejaa tena, na kujaa kwake hakukuanza juzi. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912. Baada ya ule mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 kushindwa kwa fedheha, Urambo iligeuzwa kuwa nchi ya tumbaku, na tumbaku ikavuta wakulima kutoka pande zote. Mwaka 1972 walikuja wakimbizi wa Burundi, wakapewa makao Ulyankulu. Wakafyeka, wakalima, wakazaa, na mwaka 2014 wengi wao walikabidhiwa hati za uraia. Katika miaka ya 1970 ndipo vijiji vilipoundwa kandokando ya barabara. Tangu wakati huo wafugaji na wakulima wa Kisukuma wameendelea kushuka kutoka kaskazini, ambako malisho yamekwisha, wakiingia Kaliua, Uyui na Sikonge pamoja na ng'ombe wao. Hatuwalaumu hata kidogo. Walifanya yale yale tunayojiambia kwamba tutafanya: walikwenda penye nafasi.

Lakini nafasi ile ilikuwa na kazi zake. Msitu wa miombo ni mzinga wa asali ya Tabora, na asali hiyo inajulikana hata nje ya nchi. Msitu huo ndio kuni za kukaushia tumbaku, na kila bani linalowashwa linakula miti iliyochukua miaka mingi kukua. Msitu huo ndio unaoshika maji ya mto Ugalla, na mwaka 2019 sehemu yake ilifanywa kuwa hifadhi ya taifa. Mrina asali, mkulima wa tumbaku, mchungaji na askari wa hifadhi, wote wanne wamesimama juu ya eka zile zile, na kila mmoja ana hoja. Ofisa yeyote wa ardhi aliyefanya kazi magharibi ya nchi atathibitisha kwamba ugomvi wa mipaka ndio unaomla muda wake. Wahenga wa pwani walitukataza kusafiria nyota ya mwenzetu. Na nyota hii ya Tabora, tukiitazama vizuri, haina mwangaza wa kutosha hata kwa wenyewe.

Jambo la pili ni maji. Tabora hupata mvua za msimu mmoja, kutoka Novemba hadi Aprili, na kiangazi chake ni kirefu. Kwa miaka mingi mji ulitegemea bwawa la Igombe na visima, na akina mama walijua maana ya kuamka alfajiri na ndoo. Serikali ilifanya jambo kubwa ilipoyafikisha maji ya Ziwa Victoria katika miji ya Nzega, Igunga na Tabora, mradi uliozinduliwa mwaka 2021 na uliogharimu mamia ya mabilioni ya shilingi. Tunaisifu kazi hiyo bila ya kusita. Hata hivyo bomba halizai. Ukubwa wake ni ule uliowekwa siku ya kwanza, na watu wanaonywa nalo hawakai katika hesabu moja. Ikiwa mkoa utakuwa na watu karibu milioni saba ifikapo mwaka 2040, basi mipango ya bomba la pili inafaa kuanza wakati la kwanza lingali jipya, wala si siku foleni itakaporudi visimani. Sisi wa Visiwani, tunaokunywa maji ya chini ya ardhi na kujenga nyumba juu ya vyanzo vyake, tunayo sababu ya kulisikia neno hili bila ya kumnyooshea mtu kidole.

La tatu ni skuli. Hili halihitaji utabiri. Mtoto aliyehesabiwa akiwa mchanga katika sensa ya Agosti 2022 anatakiwa kuingia darasa la kwanza mwaka 2028. Jina lake, kijiji chake na mama yake vinajulikana. Tena, kwa Sera ya Elimu na Mafunzo toleo la 2023, elimu ya msingi bara inapunguzwa kutoka miaka saba hadi sita, na kwa hiyo mwanzoni mwa mwaka 2028 makundi mawili yatagonga mlango wa kidato cha kwanza kwa pamoja. Ugumu wa mwaka huo hauwezi kuitwa ajali. Zanzibar tulikwisha kupita katika mageuzi ya miaka sita, na tunajua pia maana ya watoto kusoma kwa zamu, hawa asubuhi na wale mchana, kwa sababu mji umekua kuliko madarasa. Skuli za ghorofa zilizojengwa katika miaka ya karibuni zimepunguza shida hiyo, lakini ghorofa haijengwi kwa wiki mbili za kabla ya muhula, na mwalimu haandaliwi kwa tangazo.

Tusieleweke vibaya. Hatumo miongoni mwa wale wanaomwona kila mtoto mchanga kuwa ni mzigo. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwataja watu kwanza katika yale ambayo nchi inayahitaji ili iendelee, na sisi bado tunaamini hivyo. Mwaka 2018 Rais wa wakati huo, marehemu John Magufuli, akizungumza mkoani Simiyu, aliwahimiza wananchi waache uzazi wa mpango na wafanye kazi kwa bidii ili wawalishe watoto wao. Tunaheshimu imani yake katika nguvu ya mtu kufanya kazi. Lakini hatukukubaliana na ushauri ule wakati huo, wala hatukubaliani nao leo, kwa sababu anayebeba mimba ya saba ndiye yule yule anayebeba jembe na ndoo. Uchunguzi wa afya ya uzazi wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kuwa mwanamke wa kanda ya magharibi, yaani Tabora na Kigoma, kwa wastani alikuwa akizaa watoto karibu saba, wakati wastani wa taifa ulikuwa watano na kidogo. Tofauti hiyo haitokani na Wanyamwezi au Waha kupenda watoto kuliko wengine. Inatokana na zahanati kuwa mbali, na binti kuolewa kabla hajamaliza kusoma. Zanzibar ilitangulia kumruhusu binti aliyejifungua arudi darasani, na bara ikafuata Novemba 2021. Ruhusa ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni bweni, nauli na mzazi anayekubali.

Kwa watendaji wa Serikali zetu mbili tuna maneno machache. Kwanza, pasiwe na mpango wowote, wa Muungano au wa Visiwa, utakaoandika "ardhi ipo magharibi" bila ya kuambatanisha ramani inayoonyesha nani anaitumia sasa. Pili, hapa kwetu, zile eka tatu tatu walizogawiwa wananchi baada ya Mapinduzi ya 1964 zimefika kwa wajukuu, na katika mkoa wa Mjini Magharibi, wenye watu 893,169 kwa sensa ya 2022, shamba la mhogo la jana leo lina msingi wa matofali. Ardhi ya kina, ambayo ndiyo inayolisha, inaliwa na nyumba za chini zilizotawanyika, wakati tungeweza kupanda juu. Kukataza ujenzi holela katika ardhi hiyo kutaudhi watu wenye sauti, na tunajua kwamba ndiyo sababu hakujafanyika kwa ukamilifu.

Umoja wa Mataifa unakadiria kwamba Tanzania itakuwa na watu wapatao milioni 130 ifikapo mwaka 2050. Wengi wa wazazi wa watoto watakaoikamilisha hesabu hiyo wamekwisha kuzaliwa. Baadhi yao wanacheza chini ya miembe ya Tabora, ambayo yasemekana iliota kutokana na kokwa zilizotupwa na misafara, na wengine wako hapa Darajani wakiuza karanga. Tunaomba makadirio ya matumizi yatakayofuata, yatakayosomwa Bungeni na katika Baraza la Wawakilishi, yaonyeshe kwa kila wilaya idadi ya watoto waliozaliwa humo miaka sita iliyopita, na kando yake idadi ya madarasa, walimu na mabomba yaliyopo. Wawakilishi na wabunge wetu waanzie mjadala wao katika safu hizo mbili.