Heshima isingoje uzee: somo la Billy Boston kwa michezo yetu

Tarehe 10 mwezi wa sita mwaka wa 2025, mzee wa miaka 90 alipokelewa na Mfalme Charles katika jumba la Buckingham, mjini London, akatoka humo na cheo cha "Sir". Jina lake ni Billy Boston. Katika miaka 130 ya raga ya wachezaji 13, hakuna mchezaji aliyekuwa amewahi kupewa cheo hicho kabla yake. Magazeti ya Uingereza yalishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Lakini Boston aliaga timu yake ya Wigan mwaka wa 1968. Miaka 57 ilipita kati ya kuaga Wigan na kuitwa kwa mfalme. Kwa nini nchi ilihitaji muda wote huo kuona kitu ambacho watu wa mji mmoja wa wachimba makaa ya mawe walikiona kwa mechi chache tu?

Jibu liko katika miaka yake ya ujana.

Boston alizaliwa tarehe 6 mwezi wa nane 1934 huko Cardiff, mji mkuu wa Wales, katika mtaa wa bandarini unaoitwa Butetown, ambao wengi waliujua kwa jina la Tiger Bay. Baba yake alikuwa baharia kutoka Sierra Leone. Mama yake alikuwa mwanamke wa Cardiff mwenye asili ya Ireland. Walizaa watoto 11, na Billy alikuwa wa sita. Mtaa huo ulijaa watu waliokuja na meli kutoka pande zote za dunia, wakaoa hapo na kubaki. Watoto walicheza pamoja bila kuulizana rangi. Shida ilianza mtu alipovuka na kuingia katikati ya mji.

Ndoto ya kijana Billy ilikuwa moja: kuvaa jezi ya timu ya Cardiff, halafu jezi ya Wales, katika raga ya wachezaji 15, mchezo ambao watu wa Wales wanaupenda jinsi Wakongomani wanavyopenda mpira wa miguu. Kipaji hakikukosekana. Alichezea timu za vijana za Wales, akachezea pia klabu ya Neath. Lakini klabu kubwa ya Cardiff, iliyokuwa na uwanja karibu kabisa na nyumba yao, haikumwita. Hakuna barua iliyosema kwamba sababu ni rangi ya ngozi yake. Mambo ya namna hiyo hayaandikwi. Inatosha kujua kwamba Wales haikumpa mchezaji mweusi jezi ya taifa katika raga ya 15 mpaka miaka ya 1980.

Waliokuja kubisha mlango ni watu wa Wigan, mji wa kaskazini mwa Uingereza. Hapa msomaji anahitaji kuelewa tofauti ya michezo hii miwili. Mwaka wa 1895, klabu za kaskazini zilikutana katika hoteli moja ya mji wa Huddersfield na kujitenga na wakubwa wa raga. Wachezaji wao walikuwa wafanyakazi wa migodi na viwanda. Kucheza siku ya Jumamosi kulimaanisha kupoteza mshahara wa siku, na klabu zilitaka kuwalipa fidia. Wakubwa walikataa: kwao, mchezo ulikuwa wa watu wenye uwezo, wasiocheza kwa ajili ya pesa. Mtu wa Kolwezi ama wa Likasi, anayejua maana ya kukatwa siku ya kazi, ataelewa upesi nani alikuwa na haki. Tangu hapo, aliyevuka kwenda upande wa wachezaji 13 alifungiwa mlango upande wa 15. Hakukuwa na kurudi.

Kwa hiyo wajumbe wa Wigan walipofika Tiger Bay mwaka wa 1953, walikuwa wanamwomba kijana wa miaka 18 azike ndoto yake. Boston mwenyewe amesimulia mara nyingi namna ilivyokuwa. Waliweka noti mezani. Mama yake, akitaka wamwache mwanawe, alitaja bei aliyoamini itawafukuza: pauni 3,000. Wakakubali. Mama alikuwa ametoa neno lake mbele ya wageni, na kijana akatia sahihi.

Wakati huo alikuwa anatumikia jeshi katika kambi ya Catterick. Alipoanza kucheza Wigan mwishoni mwa mwaka huo, maelfu ya watu walikuja kumtazama hata katika mechi ya timu ya akiba. Mechi sita tu za timu ya kwanza zilitosha: akachaguliwa kwenda Australia na New Zealand na timu ya Uingereza mwaka wa 1954, akiwa na miaka 19. Alikuwa mchezaji wa kwanza asiye mzungu kupelekwa katika ziara ya namna hiyo. Huko alicheza mechi 18 na kufunga trai 36, rekodi ya ziara. Trai ni pale mchezaji anapovuka mstari wa wapinzani na kuuweka mpira chini. Mtu mmoja kufanya hivyo mara mbili kwa kila mechi, tena ugenini, ni jambo ambalo halihitaji maelezo.

Kwa jumla Boston aliifungia Wigan trai 478 katika mechi 488, na kufikia 571 katika maisha yake yote ya uwanjani. Hata hivyo, hesabu hizo hazikumlinda. Mwaka wa 1957, baada ya Kombe la Dunia lililochezwa Australia, timu ya Uingereza ilipitia Afrika ya Kusini kucheza mechi za maonyesho. Ilikuwa nchi ya ubaguzi wa rangi kwa sheria. Wenzake walikwenda. Boston alirudi nyumbani peke yake. Viongozi wa mchezo wangeweza kusema: asipokwenda mmoja, hatuendi wote. Hawakusema.

Wako wanaojibu kwamba heshima iliyochelewa ni bora kuliko kukosa kabisa, na kwamba Boston hakuwa amesahauliwa: alipewa nishani ndogo ya MBE mwaka wa 1996, akawekewa sanamu Wigan mwaka wa 2016, na nyingine huko Cardiff mwaka wa 2023, pamoja na Clive Sullivan na Gus Risman, vijana wengine wa mji huo waliolazimika kwenda kaskazini. Wanaongeza kwamba raga ya 13 yenyewe ilidharauliwa kwa sababu ni mchezo wa wafanyakazi, kwa hiyo hata wazungu wake hawakupewa cheo cha "Sir". Hayo ni kweli. Lakini hayapunguzi kosa, yanaonyesha tu kwamba lilikuwa na mizizi miwili: rangi na tabaka. Halafu tumtazame Sullivan. Mwaka wa 1972 aliongoza Uingereza kutwaa Kombe la Dunia, mweusi wa kwanza kuwa kapteni wa timu ya taifa la Uingereza katika mchezo wowote. Alikufa mwaka wa 1985. Sanamu ya Cardiff ilimkuta miaka 38 baadaye. Nani atamwambia kwamba kuchelewa ni bora?

Tofauti kati ya Boston na wengi wengine ni kwamba yeye alipewa umri mrefu. Heshima inayotegemea urefu wa maisha si heshima, ni bahati nasibu.

Na hapa Congo haina ruhusa ya kuwacheka Waingereza. Mwaka wa 1974, kule Misri, Ndaye Mulamba alifunga mabao 9 katika Kombe la Afrika na kuipa Zaïre ubingwa. Rekodi hiyo ya mabao katika mashindano moja haijavunjwa mpaka leo. Mwaka wa 1998, kule Burkina Faso, watu walisimama kimya dakika moja uwanjani kumwombolezea. Mulamba hakuwa amekufa. Alikuwa hai, mkimbizi huko Afrika ya Kusini, akiishi kwa taabu. Nchi yake haikujua kama mfungaji wake mkuu anapumua ama hapana. Alifariki mwaka wa 2019, mjini Johannesburg.

Mfalme wa Uingereza alichelewa, lakini angalau alijua nyumba ya Boston iko wapi.

Ndiyo maana kazi ya kwanza ya wizara ya michezo na ya mashirikisho yetu isiwe sanamu wala sherehe. Iwe daftari. Jina la kila mchezaji aliyevaa jezi ya taifa, katika mpira wa miguu, kikapu, ndondi, riadha na michezo mingine; anaishi wapi; afya yake ikoje; nani anamtunza. Daftari halihitaji mamilioni ya dola. Linahitaji mtu mmoja mwenye simu na utashi katika kila mkoa. Baada ya hapo ndipo tuzungumze juu ya matibabu, posho ya uzeeni na majina ya viwanja. Huwezi kumlipa mtu usiyejua kama yuko hai.

Watu wa Wigan hawakungoja mfalme. Boston alipoacha kucheza, aliendesha baa karibu na uwanja wa zamani wa timu, na waliomshangilia walikuwa wakiingia kumsalimia kama ndugu. Kijana aliyelia kwa kuikosa jezi ya Cardiff alipata mji mzima uliomwita mtoto wake. Hiyo ndiyo heshima inayofika kwa wakati, na haikugharimu serikali hata pauni moja.

Hapa kwetu, Léopards wa 1974 wanazidi kupungua kila mwaka. Waliobaki wanaweza kutembelewa wiki hii.