Safari ya Mikindani, na Swali la Mtoto

Sisi tukaao Chikongola hupita Mikindani kila tuendapo Lindi, wala hatushuki garini. Twatazama dirishani, twasema, "Mji wa kale huo," kisha safari yaendelea. Mwezi huu twaliazimu kushuka. Twaliwachukua watoto wanne wa jamaa yetu, tukaondoka asubuhi ya Jumamosi, kabla jua halijawa kali. Njia si ndefu, yapata kilometa 10 tu. Tukafunga mihogo ya kuchemsha na maji ya kunywa, tukaenda.

Kwanza twaliwaeleza watoto ya kuwa mji wa Mtwara, ambao wao wauona mkubwa, ni mtoto mdogo mbele ya Mikindani. Mtwara ulikuzwa na Mpango wa Karanga wa Waingereza, ulioanzishwa mwaka 1947. Karanga hazikustawi, na mpango ukaachwa mwaka 1951. Bandari yetu ilikamilika mwaka 1954, nayo ingalipo. Lakini reli iliyokwenda Nachingwea ilifungwa katika miaka ya 1960. Kabla ya hayo yote, majahazi yalitia nanga Mikindani. Ghuba yake ni kama mfuko wenye mdomo mwembamba: nje bahari yaweza kuchafuka, na ndani maji yametulia. Jina la mji, husemwa, latokana na mikinda, yaani minazi michanga.

Twalitembea polepole katika vichochoro. Nyumba za kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Nyingine zina roshani za mbao juu na milango ya nakshi chini. Nyingine zimebaki kuta tupu, na mizizi ya miti imepenya katika nyufa zake. Kila barazani tulipopita tulitoa salamu, nasi tukaitikiwa kwa adabu ya watu wa pwani.

Kisha tulipanda kwenda kwenye Boma, jengo jeupe lililo juu ya mji. Wadachi walilijenga mwaka 1895. Pwani yote ilikuwa imewaasi tangu mwaka 1888, na jeshi la Hermann von Wissmann liliutwaa mji huu mwezi wa Mei 1890. Baadaye Boma likachakaa sana, hata shirika la hisani la Uingereza, liitwalo Trade Aid, likalitengeneza upya, nalo likawa nyumba ya wageni. Kutoka huko juu watoto waliona ghuba yote, na ngalawa za wavuvi ndogo kama maganda ya korosho.

Tulipotelemka, tulisimama mbele ya nyumba yenye mlango wa nakshi, ambayo ukutani ina kibao chenye jina la David Livingstone. Msafiri huyo alifika hapa mwezi wa Machi 1866, baada ya kujaribu kushuka katika mlango wa mto Ruvuma asiweze. Alikuja na ngamia 6, nyati 3 na ndama mmoja, nyumbu 2 na punda 4. Wanyama hao hawakuweza kupenya katika vichaka vya nchi yetu, kwa hiyo aliwaajiri Wamakonde wenye mashoka wamkatie njia. Mtoto mmoja aliuliza, "Na majina yao yako wapi?" Tulitazama kibao, hayakuwapo.

Katika watu wa msafara ule alikuwapo kijana wa Kiyao, jina lake Chuma. Mwaka 1861 alikuwa katika mnyororo wa watumwa, akafunguliwa njiani na Livingstone na wenzake. Livingstone alipokufa mwaka 1873, Chuma na mwenzake Susi, pamoja na wenzao wengine, waliuchukua mwili wake kutoka bara mpaka Bagamoyo, safari ya miezi mingi. Nao ukazikwa London mwaka 1874.

Mwishoni tulifika mahali paitwapo Soko la Watumwa. Hapo ndipo mkubwa wa watoto, mwenye miaka 12, alipotuuliza swali ambalo limetusukuma kuandika ukurasa huu. Alisema, "Je, sisi tuliuzwa, ama tuliuza?"

Twakiri kwamba tulinyamaza. Katika jamaa zetu wamo ambao babu zao waliletwa kutoka upande wa Nyasa wakiwa wamefungwa. Wamo ambao babu zao walitembea na misafara, nao ndio walioshika kamba. Wamo pia waliojificha juu, katika uwanda wa Makonde, wakaokoka. Sasa wameoana, wamezaa, wanakula sinia moja. Siku ya arusi hakuna aulizaye. Lakini siku ya ugomvi, neno "mtumwa" huruka midomoni, na nyumba yote hunyamaza. Watoto hulisikia, wala hawaelezwi.

Bibi mmoja mzee aliyeuza samaki wa kukaanga karibu nasi alikuwa amelisikia swali. Tulimsogelea tukasema, "Shikamoo, bibi." Akajibu, "Marahaba, wajukuu zangu. Kwa nini mwamnyima mtoto jibu?" Tukasema twachelea kumtia aibu. Akacheka kidogo, kisha akanena, "Bibi yangu aliletwa hapa angali mtoto. Akiulizwa kwao ni wapi, alijibu, Kwetu ni hapa. Mwambieni mtoto kweli. Aibu ni ya aliyefunga kamba, si ya shingo iliyofungwa."

Mtoto hakutosheka. Akauliza, "Na mjukuu wa aliyefunga, bibi?" Yule mama akageuza samaki wake, akafikiri. "Huyo naye hakufunga yeye," akasema. "Ila asiichukue ile kamba akaitia mdomoni mwake."

Wasomaji, mambo haya si ya zamani sana kama tudhanivyo. Sultani Barghash wa Unguja alifunga biashara ya watumwa ya baharini mwaka 1873, lakini katika Tanganyika utumwa wenyewe ulikomeshwa kwa sheria mwaka 1922. Wazee wetu waliwajua kwa macho watu waliopata kuwa mali ya watu. Tusipowauliza sasa, watoto wetu wataachiwa kuta na vibao tu, na kibao hakijibu swali.

Njiani tukirudi tulimwambia mtoto yote tuyajuayo: upande wa mama yake waliuzwa, upande wa baba yake yuko babu mmoja aliyeongoza misafara. Alikaa kimya mpaka tulipoingia Mtwara, kisha akasema, "Basi mimi ni wote wawili." Tukamwambia, ndivyo. Na jioni ile tuliagana nyumbani kwetu kwamba lile neno la ugomvi halitatamkwa tena chini ya paa letu, awe mkubwa, awe mdogo.

Twawashauri ninyi nanyi mwende. Gharama ni nauli na chakula cha mchana. Vaeni kwa heshima, ombeni ruhusa kabla ya kuingia ua wa mtu ama kumpiga picha, na mnunue kitu kwa wenyeji. Zaidi ya yote, wachukueni watoto, na mkiulizwa swali zito msilikimbie.

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutawapeleka Msimbati na kwenye mlango wa Ruvuma, katika hifadhi ya bahari iliyowekwa mwaka 2000, mahali ambapo msafiri yule alishindwa kushuka. Kwaherini ya kuonana.